Salamu ya Mama Mkwe Kwenye Spika za Masikioni

Nyinyi vijana mtakaosoma hii, kaeni vizuri na mwache kucheka kabla hamjafika mwisho. Niliishia darasa la tatu. Mtu kama mimi hawezi kutunga uongo kwa maandishi, maana hata kuandika kweli kunamchosha mkono. Jambo hili limenipata mimi mwenyewe, hapa kijijini kwangu Tumati, mchana kweupe, jua linawaka.

Mjukuu wangu Emiliana anafanyia kazi hapa nyumbani. Anakaa dirishani, pale mtandao unapokamata, na anajibu wateja wa kampuni moja ya Dar es Salaam kwa kompyuta. Alikuwa bado kwenye majaribio ya kazi. Sasa jogoo wangu ana kelele, na vile vispika vyake vya zamani vya masikioni vilikuwa vinampeleka jogoo mpaka Dar. Bosi wake, mama mmoja mkali, akamwambia: nikimsikia huyo jogoo tena, kazi anapewa mwingine.

Emiliana alitaka kulia. Mimi nilitaka kuchinja jogoo. Mwishowe akanunua vispika vipya, havina waya, vidogo kama maharage. Akasema hivi vinazima kelele zote, inabaki sauti ya mtu tu.

"Bibi, vaa wewe uongee. Mimi naenda na simu kwenye banda la kuku, nikupigie, nisikie kama jogoo anapita."

"Niongee nini na ukuta?"

"Chochote, bibi. Haraka, kikao kinakaribia!"

Akanitia masikioni. Jamani! Upepo ukakatika. Jogoo namwona anafungua mdomo, simsikii. Nikakaa. Sisi hatuanzi maneno bila salamu, kwa hiyo nikasalimia. Hamjambo huko? Watoto wazima?

Mtu akakohoa kidogo, akajibu: wazima. Akaniuliza na mimi. Nikadhani ni Emiliana. Tukaendelea kama inavyotakiwa: watoto, jirani, mahindi, ng'ombe. Nikafurahi, nikasema kumbe huyu mtoto ana adabu. Akakohoa tena.

"Na yule mwekundu, aliyekatwa mkia na fisi, bado anakamuliwa?"

Niaminini. Ng'ombe huyo tulimla kabla baba yake Emiliana hajaoa. Emiliana angemjulia wapi? Nikachungulia dirishani. Mtoto yuko bandani, ameinua simu juu anatafuta mtandao, mdomo umefungwa.

Na anayekohoa kabla ya kila swali nilimjua mmoja tu. Mama mkwe wangu, aliyetokea kijiji cha Dirma. Tulimzika mimi nikiwa bado na meno yote.

Mtaniuliza, kwa nini hukuvitoa? Wewe ungemkatia mama mkwe salamu katikati? Wakati wa uhai wake niliikata mara moja tu, maziwa yalikuwa yanachemka, akakaa msimu mzima bila kusema na mimi. Nikajibu: "Hapana mama, tulimla."

"Mlinitunzia nyama?"

Kabla sijajibu, Emiliana akaingia mbio. "Bibi, simu imekataa mtandao, sijasikia hata neno. Lete, kikao kimeanza!" Akavichomoa, akavivaa.

Nikatoka nje, nikaziba mdomo kwa mikono miwili nisiharibu kazi ya mtoto. Mara akanigeukia na macho makali: "Bibi, nyamaza!" Mimi? Sikuwa nimepumua.

Kisha nikamwona anaangua kicheko. Kilichosemwa nilisimuliwa baadaye. Sauti ya bibi kizee, ikitokea upande wa Emiliana, ilimsalimia bosi katikati ya kikao. Bosi akashtuka, akasema shikamoo.

"Marahaba. Ng'ombe wako wazima?"

"Sina ng'ombe, bibi."

"Pole sana, mwanangu. Sasa unaishije?"

Kikao chote kilicheka mpaka bosi akafuta machozi. Akasema jogoo leo hasikiki, majaribio yamekwisha, kazi ni ya Emiliana, na bibi asalimiwe.

Mtoto akatoka anaruka. "Bibi wewe! Umeniaibisha na umeniokoa. Lakini una kifua? Mbona unakohoa kabla ya kuuliza?"

Nikakaa chini pale pale kwenye majani ya kuku.

Tangu siku hiyo kazi inaenda vizuri, wateja wanampenda. Mimi nikichemsha maziwa nasikia mtu anakohoa mlangoni, na sigeuki. Naye bosi, kila kikao, anauliza yule bibi hajambo?

Nawaonya. Hivyo vidude vinazima upepo, vinazima jogoo, lakini mtu ambaye hajamaliza salamu yake havimzimi. Mnavitia masikioni bila hata kuuliza kama kuna mtu mle ndani.

Kwangu nimeshatoa amri, na Emiliana anaifuata, hata mgeni ataifuata: kabla ya kuvivaa, unasema shikamoo. Unasubiri. Ukijibiwa, ole wako ukate kabla hajafika kwenye ng'ombe.