Nyangumi wa Nyalukemba

Cirhuza Apollinaire alikuwa mpima ardhi, na mpima ardhi hapendi kusema "labda". Kwa miaka kumi na saba alizunguka Bukavu na dekameta yake, ule utepe wa kupimia wa mita hamsini, akiwaonyesha watu viwanja vyao vinaanzia wapi na vinakomea wapi. Akisema ni hapa, basi ni hapa. Ndiyo maana mwezi ule wa tatu wa mwaka 1992 ulimchosha roho. Kila kitu nyumbani kwake kilikuwa labda.

Shule zilikuwa zimefungwa. Walimu walikuwa wamegoma, Serikali ikanyamaza kana kwamba watoto waliokosa darasa walikuwa wa nchi nyingine, na barabara zote za wilaya yao ya Ibanda zikajaa wavulana na wasichana wanaorusha mawe kwenye maparachichi ya watu. Asubuhi redio ilipiga muziki kama kawaida, bila neno lolote kuhusu shule. Hilo ndilo lililomuuma Cirhuza kuliko yote, ule muziki. Aliapa kwamba watoto wake hawatazurura. Kila alasiri akitoka kazini aliwakalisha Eulalie, wa miaka kumi na miwili, na Emile, wa miaka tisa, kwenye benchi la jikoni, akawafundisha kile alichokuwa nacho.

Alichokuwa nacho ni karatasi moja.

Mkewe, Yolande, ndiye aliyeileta kutoka sokoni, ikiwa imefungiwa karanga. Ulikuwa ukurasa mkubwa uliochanwa katika kitabu cha shule, wenye picha za wanyama wa bahari: nyangumi, pweza, kobe, na farasi wa bahari mwenye mkia uliojikunja. Cirhuza aliinyoosha juu ya goti, akaifuta mafuta, akafurahi kama mtu aliyepewa kabati zima la vitabu. Alisahau jambo moja tu: katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuiona bahari. Walilijua ziwa lao, na ziwa lao lina sambaza, visamaki vya kukaanga ambavyo mtu anavila vizima, na vichwa vyake. Halina mamba wala kiboko. Mtoto wa Bukavu anayeambiwa habari za mnyama mkubwa wa majini hana cha kulinganisha naye.

Tena mchoraji alikuwa amewachora wote kwa ukubwa mmoja. Farasi wa bahari alikuwa mrefu sawasawa na nyangumi. Chini ya ukurasa kulikuwa na orodha ya vipimo, lakini upande wa majina ulikuwa umechanika, na vipimo viwili tu ndivyo vilivyosomeka: mita thelathini, na sentimita kumi na tano. Cirhuza alipiga hesabu ya kichwa. Farasi ni mkubwa, samaki ni mdogo. Basi akawafundisha watoto kwamba farasi wa bahari ana urefu wa mita thelathini, na nyangumi ni kisamaki cha sentimita kumi na tano, kama sambaza aliyenenepa.

Wiki nzima watoto wa mtaa walicheza mchezo wa kupanda farasi wa mita thelathini. Kisha mfanyakazi mwenzake, aliyewahi kukaa kwenye bandari ya Matadi na kufika mpaka baharini, alisikia habari hiyo ofisini akacheka hadi akashika ukuta.

"Cirhuza! Ule farasi iko kama kidole! Balikuwa banatuuzisha, ya kukauka. Baleine, ule nyangumi, njo mukubwa. Na haiko hata samaki: inazala, inanyonyesha!"

Cirhuza alirudi nyumbani akasema mbele ya watoto, "Nilikosea." Maneno hayo yalikuwa mazito, lakini ubaya zaidi ni kwamba mama yake alikuwepo.

Maman Cibalonza alikuwa ametoka mashambani, Walungu, kuja kumchukua Eulalie. Kwake mambo yalikuwa wazi: shule imefungwa, msichana amekaa bure, shamba lipo, na baada ya miaka miwili wachumba watabisha hodi. Aliposikia kukosea kwa mwanawe, alipiga makofi mara moja.

"Siku ya lundi farasi iko murefu kama barabara, leo iko kama kidole. Hii njo masomo gani? Hata mulevi anakumbukaka vile alisema jana."

"Maman, kila mwalimu anakoseaka."

"Mi naenda na mutoto dimanche, nyuma ya misa."

"Unipe mpaka samedi," Cirhuza alisema, yaani Jumamosi, siku moja kabla ya misa. "Kama samedi unaona hajui kitu, utamubeba, sitasema neno."

"Na nani atapima kama anajua?"

"Weye mwenyewe, maman."

Maman Cibalonza hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Alikubali, na kumtuma Yolande aanze kufua nguo za Eulalie. Siku zilizofuata yule wa Matadi alimwambia Cirhuza yote aliyoyajua, nyangumi anavyokula, anavyopumua na anavyozaa, naye akawafundisha watoto.

Utamwonyeshaje mita thelathini mtoto aliyezoea sambaza? Jumamosi asubuhi, Cirhuza alipokuwa akinawa uso, jibu lilimjia, tena kutoka katika kazi yake mwenyewe. Atampima nyangumi. Atampanda ardhini, kama anavyopanda mipaka ya watu.

Alitoa dekameta na fungu la vijiti vya ofisi, vile vilivyopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Akaanzia kwenye ukuta wa jikoni: hapo ni mdomo. Emile alishika ncha ya utepe, Eulalie akagonga vijiti kwa nyundo. Wakatoka kwenye lango na kuvuka njia ya mtaa wao wa Nyalukemba. Mita ishirini. Mita ishirini na tano. Nyangumi hakutaka kuisha. Mkia wake ukaenda kukomea ndani ya migomba ya jirani, Papa Edouard, fundi wa kushona. Kisha wakapima unene wa tumbo kwa kukisia, wakapanda vijiti pande zote mbili, wakazungusha kamba.

"Ni mukubwa hivi, papa?" Emile aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni mukubwa hivi," Cirhuza alisema, na moyoni hakujua. Alikuwa na karatasi iliyochanika, na kicheko na masimulizi ya mtu wa Matadi. Wiki iliyopita pia alikuwa na hakika.

Edouard hakuwepo aombwe ruhusa. Yeye na watu wa mtaa walikuwa chini kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi, wakizibua mtaro. Walipopanda kilima, matope hadi magotini, majembe na mapanga mabegani, kitu cha kwanza walichokiona ni vijiti vyekundu na vyeupe vikivuka njia yao na kuingia kwenye migomba ya Edouard, na mtu wa ofisi ya ardhi amesimama katikati na utepe mkononi.

Wote walishusha majembe kutoka mabegani. Miaka miwili nyuma, katika njia hiyohiyo, vijiti kama hivyo vya ofisi ya ardhi vilipandwa siku ya Jumamosi. Nyumba ya dada yake Edouard ikachukuliwa, na sasa ilikuwa gereji ya mkubwa mmoja wa jeshi. Hakuna aliyelala njaa kwa sababu hiyo isipokuwa dada yake Edouard, na hakuna aliyefungwa.

"Cirhuza," Edouard alisema. Hakuongeza Papa. "Umetuuzisha kwa nani?"

"Hapana, Edouard. Ni ya batoto."

"Musikie! Anakatia batoto yake parcelle, kiwanja nzima, mu migomba yangu!"

"Haiko parcelle. Ni baleine."

"Ule Baleine njo nani?" mtu aliuliza kutoka nyuma. "Ni colonel ya jeshi?"

"Iko nyama, munyama ya bahari!"

"Na nyama ya bahari inatafuta kiwanja Nyalukemba? Kwabo maji imekauka?"

Watu wachache walicheka, lakini kicheko hakikuwa kizuri. Mama mmoja aling'oa kijiti cha kwanza akakitupa mtaroni. Panga la Edouard lilikuwa limeshuka kutoka begani hadi ubavuni mwake. Cirhuza alianza kueleza. Alitaja mita, akataja mamalia, akataja ukurasa wa kitabu, na kadiri alivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kukunjamana. Ndipo alipojisikia mwenyewe. Ilikuwa ileile sauti anayotumia kumwambia mjane kwamba kiwanja chake kinaishia hapa na si pale. Akaanza kukunja utepe. Alikuwa mtu wa kweli kwa miaka kumi na saba, na leo hakuna aliyemwamini, na yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama anasema kweli.

"Tonton Edouard, kuya hapa."

Alikuwa Eulalie, amesimama kwenye ukuta wa jikoni na nyundo bado mkononi.

"Hapa njo mudomo. Hana meno. Anakunywa maji mingi, anaitema, vidudu inabaki ndani, vile bavuvi banachuja sambaza na wavu. Kuyeni, nitabaonyesha."

Hakungoja waitike, akaanza kutembea kando ya kamba. Edouard alimtazama Cirhuza, akamtazama mtoto, kisha akamfuata, labda ili asimwache peke yake na vijiti vyake. Wengine wakafuata.

"Hapa jicho. Hapa juu kuko tundu ya kupumua. Asipopanda kupumua, anakufa mule ndani ya maji."

"Samaki anakufa mu maji?" mama wa kijiti aliuliza.

"Haiko samaki, maman. Iko sawa siye. Anazala mutoto moja tu, anamunyonyesha."

"We! Mu maji?"

"Mu maji."

Walivuka njia pamoja naye, wanaume wenye majembe wakikanyaga polepole, kana kwamba kweli walikuwa juu ya mgongo wa mnyama. Katikati mzee mmoja aligeuka nyuma kutazama walikotoka, akapiga mluzi. Kwenye migomba Eulalie alisimama.

"Na hapa inaisha."

Edouard alivitazama vijiti vitatu vya mwisho. "Kwa hiyo mimi niko na mukia tu?"

"Mukia tu, tonton."

"Na baba yako anakula kichwa!" Safari hii walicheka vizuri. "Cirhuza! Mukia yako itoke kwangu mbele ya saa sita. Na siku ingine ukileta nyama, uombe ruhusa."

"Nitaomba. Nilikosa, Edouard."

Walitawanyika. Si wote walioridhika. Yule mama alisema kwa sauti kwamba kesho asubuhi atapita kuangalia kama vijiti havijarudi. Cirhuza hakumlaumu.

Maman Cibalonza alikuwa mlangoni muda wote huo. Sasa akashuka, akatembea nyangumi mzima kutoka mdomo hadi mkia, akihesabu hatua kwa midomo bila sauti. Akasimama mbele ya mjukuu wake.

"Maziwa, umesema?"

"Ndiyo, koko."

"Nani anaikamaka?"

"Hakuna mutu. Inatoka yenyewe mu kinywa ya mutoto."

Bibi alirudi nyuma hatua moja. Kwao, mtu aliyekula samaki hagusi kibuyu cha maziwa siku hiyo, ng'ombe asije akakauka. Maisha yake yote samaki na maziwa vilikaa mbalimbali, kila kimoja na chombo chake. Na hapa mtoto alikuwa amevitia vyote katika tumbo moja.

"Haiko samaki, koko."

"Inakaa mu maji? Iko na mukia ya samaki?"

"Ndiyo."

"Basi," alisema bibi, akaingia ndani. Jioni alikula, akaenda kulala, na Cirhuza hakuthubutu kumuuliza ameamua nini.

Jumapili baada ya misa, nguo za Eulalie zilikuwa zimefungwa kwenye kitenge karibu na mlango. Eulalie alisimama kando yake, macho chini. Maman Cibalonza alichukua kikapu chake, akajitwika, akaliacha furushi pale lilipo.

"Huyu, hapana," alisema. "Siwezi kupeleka mutoto mwenye mambo ile mu kichwa karibu na ngombe yangu. Ngombe iko na mimba."

Yolande aliziba mdomo kwa kiganja. Cirhuza hakujua kama acheke au aombe msamaha.

"Maman, kwa hiyo umeona kama anajua?"

"Nimeona batu bazima bananyamaza anaposema. Lakini ngombe ni ngombe."

Alimsindikiza hadi kituo cha gari za Walungu akiwa hajui kama ameshinda au ameshindwa. Je, mama yake aliogopa kweli kwa ajili ya ng'ombe, au alikuwa ametafuta mlango wa kutokea bila kuaibika? Alimtazama usoni, lakini hakuona kitu cha kupima. Mtoto wake amebaki, hilo lilikuwa hakika. Amebaki kwa sababu ya elimu, au kwa sababu ya elimu kuogopwa, hilo hakulijua.

Gari lilipowashwa, mama yake alitoa kichwa dirishani.

"Ile baleine, mutoto yake inanyonyaka miezi ngapi?"

"Sijuwe, maman."

"Basi uulize."

"Niulize nani?"

Gari lilikuwa limeshaondoka. Cirhuza alibaki kando ya barabara akifikiri milango yote ya Bukavu ambayo mtu angeweza kubisha na kuuliza swali kama lile. Mlango wa karibu ulikuwa ng'ambo ya pili ya barabara tu, chini ya msalaba mdogo wa saruji. Ilikuwa shule, na mgomo ulikuwa haujaisha. Alivuka, akashika kufuli, akalitikisa.