Nukta Moja ya Lenkutat

Ukitafuta jina la Müller kwenye ile ramani ya majina iliyo mtandaoni, inayochorwa kutokana na vitabu vya simu, Ujerumani nzima inageuka nyekundu kama mtoto mwenye surua. Ukitafuta Poggensiek, jina la mama yangu, unapata vidoa vichache vilivyosongamana huku kwetu Westfalia, penye mabonde ya maji na vyura, maana jina lenyewe lilitoka kwenye bonde kama hayo. Ukitafuta Lenkutat unapata nukta moja tu. Iko kijijini kwetu. Na watu wa ofisi ya wilaya watakuambia kwamba nukta hiyo haina mtu: katika vitambulisho vyote vya wilaya hakuna anayeitwa Lenkutat.

Nukta hiyo ni babu yangu Bruno. Naeleza jinsi alivyoiweka pale kwa sababu nimechoshwa na watu wanaojivunia majina yao kama wafugaji wanavyojivunia fahali wa maonyesho, wakihesabu damu na vizazi. Babu naye alihesabu jina lake miaka mingi, lakini hakuwa akitafuta sifa.

Kwanza mjue kwamba Babu hakai. Kahawa anainywa amesimama. Kanisani anasimama karibu na mlango. Kwenye harusi yake mwenyewe, walioalikwa wanasema alizunguka meza zote kama mhudumu. Bibi Lina alikuwa akimwambia, "Bruno, kaa chini bwana, hata farasi hupumzika," naye hujibu, "Farasi hupumzika amesimama," kisha huyo, ametoka.

Alizaliwa Prussia ya Mashariki, nchi ambayo leo haimo kwenye ramani yoyote. Akina Lenkutat walikuwa wachache hata huko. Mkia wa jina lile, kwa lugha ya wazee wa mpakani, ulimaanisha "mwana wa", na huyo mzee ambaye wao walikuwa wana wake hakuna aliyemkumbuka tena. Vita vilipokaribia mama yao aliwafundisha Bruno na mdogo wake Hertha neno moja, akawarudishia kila usiku mpaka wakalishika: "Mkipotea msilie. Tajeni jina. Sisi ni wachache, na kila Lenkutat ni wetu."

Januari ya mwaka arobaini na tano walikuwa ndani ya behewa la ng'ombe pamoja na wakimbizi wengine. Bruno alikuwa na miaka tisa, Hertha mitano. Treni iliposimama kwenye kituo fulani, Hertha alikuwa analilia maji. Mama akampa Bruno kopo, naye Bruno akashuka, akapanga foleni bombani. Treni ikaondoka.

Bruno akatupwa huku na huku mpaka akafikishwa Westfalia, kwenye shamba la Poggensiek, pamoja na wakimbizi ambao wakulima walilazimishwa kuwapokea. Wakulima hawakufurahi, na watoto wao walisema wazi kile ambacho wazazi walikificha. "Mpolandi! Mpolandi!" walimwimbia njia nzima ya shule. "Nami nilikuwa sijamwona Mpolandi hata mmoja maishani," Babu huniambia. Alipokua aliuliza kwenye ofisi ya kutafuta waliopotea. Jibu likaja kwamba Hertha Lenkutat hajulikani aliko. Basi akaanza kutafuta mwenyewe. Kila mji aliopelekwa kuuza ndama au kununua mbolea, alipita posta kwanza, akafungua kitabu cha simu kwenye herufi L. Hakumpata Lenkutat hata mmoja.

Kisha akampenda Lina, binti pekee wa shamba. Huku kwetu mila ni ya zamani: shamba halifuati mume, mume ndiye anayefuata shamba, pamoja na jina lake. Mama mkwe, Bi Mathilde, alimweleza mbele ya zizi bila kuzungusha maneno.

"Bruno, sikiliza. Hapa ng'ombe ni wa Poggensiek, mavi ni ya Poggensiek, na wewe ukiingia mlango ule usiku wa harusi utakuwa Poggensiek."

"Lakini mama, mimi nina jina."

"Jina gani hilo? Mtu akilisikia anadhani unakohoa."

Alikuwa na miaka ishirini na moja na mapenzi kichwani, na watu waliomwita Mpolandi sasa walikuwa tayari kumvulia kofia. Akaenda ofisi ya wilaya, akabadilisha. Mimi hukasirika kila nikifikiria. Nchi ilimnyang'anya nyumba, vita vikamnyang'anya mama, na kijiji kikaona hata hilo neno moja alilobaki nalo limezidi.

Hakuacha kutafuta. Alikwenda hivyo mpaka siku moja ya mwaka sitini na nane, aliporudi mnadani jioni na kukuta Bibi Lina anakaanga zile chapati nene za viazi na zabibu kavu tunazozipenda huku. Hadithi hii Bibi alinisimulia mwenyewe kabla hajafariki.

"Ndama wawili, siku nzima?" akamuuliza.

"Nilipita posta."

"Kuangalia kile kitabu."

"Hakuna."

Bibi akageuza chapati. "Bruno, mume wangu, hivi una akili timamu? Hertha sasa anakaribia thelathini. Ameshaolewa. Mwanamke akiolewa anaitwa nani?"

Babu akachukua uma. Akasema, "Basi atanitafuta yeye."

"Atamtafuta Lenkutat," Bibi akasema. "Na wewe ni nani?"

Hakula. Aliweka uma mezani, akatoka, akazunguka shamba mpaka giza likaingia. Miaka yote alikuwa amemtafuta mtu aliyejificha, kumbe aliyejificha ni yeye.

Asubuhi akaenda posta akiwa na viatu vya zizini. Wakati ule shamba lilikuwa likisubiri kuunganishiwa simu.

"Niandike kitabuni kwa jina la Lenkutat," akamwambia karani.

"Kitambulisho?"

Akatoa. Karani akasoma. "Wewe ni Poggensiek."

"Nilikuwa Lenkutat."

"Mimi nilikuwa mwembamba. Siwezi kumwandika mtu asiyekuwepo, bwana." Karani alimtazama, akamwona anavyohama kutoka mguu mmoja hadi mwingine, akamhurumia. "Kama ni biashara, hapo sawa. Biashara unaweza kuiita hata Tembo."

"Biashara ya nini?"

"Wewe ndiye unayejua."

Nje ya dirisha palikuwa na mtu anasukuma mashine ya kukatia nyasi. "Ya kutengeneza mashine za nyasi," Babu akasema.

Hakuwahi kufungua mashine yoyote. Alipaka ubao rangi nyeupe, akaandika LENKUTAT kwa herufi kubwa, akaupigilia kwenye banda linalotazama barabara. Bi Mathilde akatoka na fimbo yake.

"Jina la nani hilo kwenye banda langu?"

"La karakana, mama."

"Karakana! Wewe kufungua kopo la samaki tu huwezi!"

Ilikuwa kweli. Mashine ya kwanza, ya mwalimu wa shule, aliifungua ikamzalia skrubu kadhaa zisizo na kwao. Aliifungua tena na tena mpaka zote zikapata pa kukaa. Polepole akawa fundi wa kweli, na watu wakaleta mashine hata kutoka vijiji vya mbali. Wote walijua ana karakana. Hawakujua kwamba karakana ilijengwa ili neno moja likae kwenye kitabu cha simu, na simu iwe na mtu wa kuipokea.

Simu ikalia miaka hamsini. Wote walikuwa watu wa nyasi.

Miaka ya karibuni wakaongezeka matapeli. Hawa hutafuta kwenye kitabu cha simu majina yanayonuka uzee, kisha hupiga: "Babu! Hebu bahatisha ni nani anaongea!" Mzee akitaja jina la mjukuu, amekwisha, mjukuu huyo ghafla amepata ajali na anahitaji pesa leo hii. Polisi walikuja ukumbi wa kanisa wakatuonya: anayekuambia bahatisha, kata simu. Mama yangu Elke, ambaye ndiye anayemtunza Babu, alitoka pale na uamuzi.

"Baba, simu hiyo tunaiondoa. Nakununulia ya mkononi."

"Ukiikata simu, nikate na mimi."

"Watakuibia!"

"Wataiba nini, skrubu?"

Juma kabla ya Pasaka nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka chuoni. Tukiwa mezani, Babu akiwa amesimama dirishani na kikombe chake, Mama akasema huku anapakua, "Leo wamepiga tena, Baba ukiwa bandani. Safari hii mwanamke. Sauti ya upole kabisa. 'Naomba kuongea na Bruno. Hawezi kubahatisha ni nani anayemtafuta.' Nikamwambia, mwizi mkubwa wewe, nenda katafute kazi! Nikakata."

"Safi sana," nikasema, nami mjinga.

Babu aliweka kikombe chini. "Alisema Bruno?"

"Ndiyo."

"Elke. Kitabuni hakuna Bruno. Kuna Lenkutat, karakana, basi. Huyo Bruno wa Lenkutat amempata wapi?"

Mama akabaki na upawa hewani. Watu wote wa huku wanamjua Bruno wa Poggensiek. Aliyewahi kumjua Bruno wa Lenkutat alikuwa ndani ya behewa la ng'ombe.

Ndipo nikaona nisichowahi kukiona. Babu alitoka, akarudi na kile kigoda cha kukamulia, akakiweka ukumbini chini ya simu, akakaa.

Alikaa siku ile na siku zilizofuata. Sisi ndio tuliokosa utulivu. Ile simu ni ya zamani, ya kuzungusha namba, haionyeshi nani amepiga. Niliwapigia kampuni ya simu kwa simu yangu. Wakasema namba ya mpigaji haitolewi hivi hivi. Niliwapigia kelele. Nilimpigia kelele na Mama, nikamwambia tumekuwa taifa la kuogopa sauti ya binadamu.

"Polisi wenyewe walisema!" akajibu analia. "Ningejuaje?"

 Mimi mwenyewe nilikuwa nimesema safi sana.

Simu ikilia Babu aliinyakua kabla haijamaliza mlio wa kwanza. "Ni nani? ... Mashine yako isubiri, mwalimu! Acha nyasi ziote! Toka kwenye simu!" Akagonga mkonga chini. Kisha akabaki akiutazama ukuta, na miguu yake, ile isiyotulia, ikitikisa kigoda.

Jumamosi gari likaingia uani, namba zake za Mecklenburg, kule mashariki, upande uliokuwa nyuma ya Ukuta wa Berlin. Mwanamke mwenye mvi kidogo akashuka. Mama akatoka akijifuta mikono.

"Karakana ya Lenkutat ni hapa?"

"Ni hapa. Mashine iko wapi?"

"Sina mashine. Nina mama yangu." Akamkazia macho Mama. "Wewe ndiye uliyeniita mwizi?"

Mama aliziba mdomo. Mimi nikakimbilia ukumbini, lakini kigoda kilikuwa tupu. Babu alikuwa ameshapita mlango wa nyuma, soksi tu miguuni.

Kwenye kiti cha nyuma cha gari alikaa bibi mdogo wa mwili, mkoba magotini. Binti yake akamfungulia mlango. Hakushuka.

"Mwambieni aje yeye," akasema. "Mimi nilishatembea vya kutosha mwaka ule."

Babu akafika, akashika mlango wa gari. Wakatazamana. Uso wa bibi ulikunjamana, nikadhani atalia, kumbe anakasirika.

"Maji yako wapi?"

 "Foleni," Babu akasema. "Foleni ilikuwa ndefu, Hertha."

Mengine tuliyapata jikoni, tukinywa kahawa. Mama yao alikufa kwa homa majira ya kuchipua ya mwaka ule ule. Watu waliomchukua Hertha walimwandika kwa jina lao, lakini yeye alilishika lile neno la kila usiku. Alipokuwa msichana mkubwa aliulizia, akajibiwa kwamba hakuna Bruno Lenkutat aliye hai upande wa magharibi. Walisema kweli. Alikuwepo Poggensiek. Hertha akamwombea marehemu miaka yote hiyo, mpaka majira ya baridi haya binti yake alipochapa jina lile kwenye ramani ya mtandaoni, kwa mchezo tu, na nukta moja ikatokea.

"Nilipiga mara moja nikatukanwa," binti akasema. "Nikamwambia Mama, basi, si watu wazuri. Akasema, kama wanafoka hivyo ni wetu, twende."

Babu alikuwa ameshaanza tena kuzunguka jikoni, kikombe mkononi, akimgusa Hertha bega kila akipita. Ghafla akasimama mbele ya Mama.

"Elke, sasa ikate hiyo simu. Imemaliza kazi."

Nikainuka kitini. "Babu! Ukiikata, jina litatoweka! Hakutabaki hata nukta! Nitakwenda ofisi ya wilaya nilichukue mimi..."

"Wewe unataka nukta," akaniambia bila ukali. "Mimi nilitaka dada."

Hertha akagonga meza kwa kijiko. "Nyamazeni wote wawili. Bruno, una wazimu? Ukikata simu, mimi nitakupigia wapi?"

Haikukatwa. Hertha hupiga kila jioni baada ya taarifa ya habari, na Babu huongea amesimama, akitembea toka ukumbini hadi mlango wa jikoni, hadi waya unapokazika na kumvuta, anageuka, anarudi. Kigoda kimerudi zizini.