Firigisi ya Mzee

Mama anayepara samaki sokoni Matuu hupasua tumbo upesi na kulisafisha kwa kidole gumba. Matumbo huwapelekea kuku wake nyumbani. Siku hizi samaki wa bwawani humeza nyuzi za plastiki za buluu zilizochomoka kutoka kwa nyavu na magunia, laini kama nywele. "Ni uzi tu, utatoka," huwaambia wateja, akisuuza.

Jumapili alichinja jogoo. Alipopasua firigisi, ambayo kwao huliwa na baba wa nyumba, alikuta uzi ule ule wa buluu umejisokota ndani ya mtama. Aliukodolea macho mpaka maji ya kupikia yakachemka. Kisha akaisuuza firigisi, akaipika, akampakulia mumewe.

"Mbona huongei leo?" mumewe akauliza.

"Kula, mzee. Ni yako," akasema, lakini sahani hakuiachilia.