Mjumbe wa Mezani

Nilikuwa na miaka tisa hivi nyanya yangu, mzaa mama, alipofariki huko kwao upande wa Murang'a. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Kila safari ya huko ilitaka kibali, na baba aliogopa kwamba mama akienda mazikoni angekamatwa njiani. Akamkataza. Mama hakubishana naye. Aliacha tu kusema naye, na kimya hicho kikaendelea hata baada ya matanga.

Nyumbani kwetu Thika tulikuwa watatu tu. Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja, na jioni tulikula pamoja, mimi katikati.

"Mwambie mama yako mchuzi umezidi chumvi," baba alisema.

"Mwambie baba yako kesho apike mwenyewe," mama alijibu.

Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri, lakini ilinibidi niyarudie maneno, na niyalainishe kidogo nikiweza. Mwishowe nilikuwa nikisikia tu baba ananawa mikono, hamu ya kula inaniisha. Nilitafuna ugali nikauweka shavuni, kisha nikatoka nje nikawatemea kuku.

Nilikonda mpaka gauni la shule likaanza kuniteleza mabegani. Mama aliponikuta nyuma ya banda la kuku, alimgeukia baba na kumwambia yeye mwenyewe, "Mtoto hali chakula." Baba naye akamjibu, "Tangu lini?" Walizungumza kwa muda, na mimi nikasikiliza kwa furaha. Sikupanga kujinyima chakula ili wapatane, lakini tangu siku hiyo nilielewa kwamba sahani yangu ikirudi imejaa, wazazi wangu wataongea. Njaa ikawa rahisi kuivumilia.

Kwenye zahanati walinipima, hawakuona ugonjwa. Ndipo shangazi, dada mkubwa wa baba, akanichukua kwake Ruiru.

Mumewe alichonga mawe machimboni, mtu wa vicheko, na chakula kilipoiva wote wawili walisimuliana mambo ya kutwa. Shangazi aliniwekea viazi vitamu na chai, akaendelea na hadithi yake. Hakuniambia nile. Hakuitazama sahani yangu. Siku za kwanza niliacha karibu vyote, naye aliondoa vyombo bila neno. Halafu jioni moja nilimaliza kiazi kizima huku nikimcheka mumewe akimwigiza msimamizi wao, na sikujua nimekimaliza mpaka nilipopapasa sahani tupu.

Wazazi wangu walipokuja kunijulia hali, shangazi aliwakalisha pamoja.

"Ndugu yangu, mtoto huyu hana ugonjwa," alimwambia baba. "Mmemfanya mjumbe. Maneno yenu yamemjaa tumboni, chakula kitakaa wapi? Nawe wifi, una uchungu wa mama yako, na ni haki yako. Lakini mwambie mwenyewe aliyekuudhi."

Baba alimgeukia mama. Akasema, bila kupitia kwangu, "Niliogopa askari wangekukamata, usirudi tena. Lakini hata pole sikukupa. Pole, mke wangu."

Mama alilia, kilio alichokuwa amekizuia tangu msiba. Safari za Murang'a zilipoacha kuhitaji kibali, baba alimpeleka mwenyewe hadi kaburini, nami nikiwa nao.

Sikupona siku hiyo. Nilirudi Thika, na ilichukua muda mrefu kabla sijaweza kula bila kuzichunguza nyuso zao. Hata leo, mimi ni mtu mzima, watu wakigombana mezani tonge hunikwama. Lakini nimejifunza kuweka kijiko chini na kusema, "Malizeni kwanza, tule baadaye." Hayo nimeyapata kwa shangazi, Mungu amrehemu. Na ninawashukuru wazazi wangu pia, kwa kuwa walikubali kuambiwa. Wengi wangemchukua mtoto wao na kuondoka wamekasirika. Wao walibaki, wakala viazi.