Tulimweka mtoto yatima kwenye zamu

Wakuu, salamu kutoka Kulesa, hapa karibu na Garsen. Hii si chai, ni kisa cha kweli, na sijivunii sehemu yangu.

Mama mmoja wa kwaya yetu alifariki, akaacha binti wa miaka minane. Nitamwita Dama. Baba yake alishatangulia, na ndugu waliobaki hawakujiweza.

Kanisani tukasema huyu mtoto haendi popote, ni wetu. Mimi ni mzee wa kanisa, nikapewa kazi ya kupanga.

Sasa, sisi watu wa mpunga kila kitu ni zamu. Kufukuza ndege shambani ni zamu, kufagia kanisa ni zamu. Dama naye nikampangia vilevile: nyumba kumi, kila nyumba siku tatu. Nikatuma kwenye group ya WhatsApp. Watu wakaandika Amina mpaka nikavimba kichwa.

Mke wangu peke yake aliuliza, "Baba Neema, huyo ni mtoto ama ni jembe la kuazimana?"

Nikamwambia aache kuwavunja watu moyo.

Miezi minne ikapita. Mtoto alikula, alivaa. Adabu ilizidi, hata maji ya kunywa aliomba ruhusa, na sisi tukasifu malezi ya marehemu.

Siku moja mwalimu akanipigia. Dama ana homa kali, na alipoulizwa anakaa kwa nani, akajibu, "Kwani leo ni siku gani?"

Nikafungua ile roster. Wenye zamu walikuwa wamesafiri matangani Hola, wakabadilishana na wenzao, na wenzao wakasahau. Hakuna aliyekuwa akimtarajia mtoto siku hiyo. Niliona aibu, wakuu.

Nikampeleka dispensari kwa bodaboda, kisha kwangu. Jumapili nikaomba msamaha mbele ya kanisa na kufuta zamu; Dama akabaki kwetu. Afisa wa watoto ameshatutembelea, mambo ya sheria yanaendelea.

Wiki za kwanza, kila siku ya tatu alikunja nguo zake akakaa mlangoni kungoja. Mke wangu alizirudisha ndani.

Nilichojifunza: kumlisha tuliweza sote, na dhamiri zetu zikatulia. Kumlea kulitaka nyumba moja iseme huyu ni wetu.

Makanisa yenu mnafanyaje? Nisuteni tu, nitasoma yote.

Juzi Dama kagombania blanketi na binti yangu Neema. Nilikuwa nje natengeneza baiskeli, nikamsikia akifoka, "Nitakusema kwa baba!"

Nikaweka spana chini, nikaingia kuamua kesi huku nalia.