Kipepeo wa Filister

Filister Adero, au Mama Akeyo kama alivyoitwa katika mtaa wa mabanda wa Kisumu Ndogo, hakuwa mtu wa kurudishwa nyuma. Mwaka wa 1976 alikuwa akidarizi vitambaa vya makochi mlangoni pake, huku vumbi na moshi wa jirani anayekaanga dagaa wa omena vikimharibia kila kitambaa cheupe. Alichoka! Ndiyo maana alikitaka kwa roho yake yote kile chumba cha Kawangware chenye dirisha la barabarani. Mwenye ploti hiyo ya vyumba vya kupanga, mama aitwaye Wakarima, alikuwa karibu kumpa muuza nyama chumba hicho.

"Niletee kazi yako kwanza nione," Wakarima alimwambia. "Lakini maua na tausi sitaki. Hizo ziko kwa kila nyumba."

Filister alirudi amenuna, maana maua na tausi ndivyo alivyovizoea. Kesho yake, akiokota kuni katika msitu wa Ngong, alinyoosha mkono kuchukua jani kavu la kuwashia moto. Jani likaruka! Mabawa yalifunguka, ndani rangi ya chungwa, kisha kipepeo akatua chini na kuwa jani tena, mshipa wa katikati na madoa ya kuoza vyote vipo. Filister alisahau kuni.

"Sasa unashona takataka?" mumewe Jeconia alimcheka alipomwona akichagua nyuzi za kahawia. "Nani ataweka takataka kwa kochi?"

"Wewe kula ulale."

Alishona, akafumua, akashona upya. Vidole vilimuuma na hasira ikamtia nguvu.

Alipofika Kawangware na kazi yake, muuza nyama alikuwa tayari chumbani, anapima kuta kwa macho. Wakarima alikunjua kitambaa, akakunja uso.

"Mama Akeyo! Unaniletea kitu chafu?"

Akakikung'uta mlangoni. Jani kavu lililokuwa juu ya kitambaa halikuanguka. Akakikung'uta tena kwa nguvu, kisha akalishika jani kwa kucha alitupe.

Jani likafunuka mkononi mwa Wakarima. Lilikuwa mabawa mawili ya kitambaa yaliyoshonewa mgongoni tu, na ndani rangi ya chungwa iliwaka. Wakarima alilifunga, akalifungua, akacheka kama msichana.

"Mama, tumalize maneno ya chumba," muuza nyama alimwambia Wakarima.

"Chumba gani?" Wakarima hata hakumtazama. "Mama Akeyo, mashini yako ya kushona unaleta lini?"

Filister hakuwa na mashini. Alichomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake.

"Nimekuja nayo," alisema, akavuta kigoda, akaketi dirishani.