Sanduku la Chini ya Gari

Siku ile ya barabara ya Koni siisahau, mwanangu, na leo umenirudisha siku hiyo bila kujua. Umekuja na gari lako jipya, jipya kwako maana wengine wamelizeesha, ukaniambia fundi amelikagua na kukuta halina ile vanne, yaani vali, ya kurudisha moshi kwenye injini, ile mnayoiita EGR. Sasa anataka kulikata lile sanduku la chuma lililo kwenye bomba la moshi, akitupe kilichomo ndani, eti gari lipumue. Keti kwanza. Chai ingali moto.

Baba yako, Mungu amzidishie umri na masikio ya kusikia, alikuwa na gari kama hilo tulipokuwa tumeoana karibuni. Alikuwa amezoea malori ya kubeba madini, na kwenye malori yale kila dereva wa Likasi alijua dawa moja: vanne ikijaa masizi, unaiziba kwa kipande cha bati, safari inaendelea. Basi gari lake la petroli lilipoanza kukosa nguvu, yeye na rafiki yake Mwamba, fundi wa kuchomelea, wakaitafuta vanne waizibe. Hawakuiona. Wakakubaliana kwamba lazima imefichwa ndani ya lile sanduku. Wakalikata, wakakuta jiwe lenye vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki. Nawe unawajua watu wa kwetu wakiona jiwe. Walilikwaruza, wakalilowesha mate, wakaliinua juani kuona kama lina shaba au kobalti. Mwisho wakalivunja, wakarudisha sanduku tupu, na Mwamba akachomelea bomba harakaharaka. Gari likanguruma, baba yako akatamba mtaa mzima.

Jumapili iliyofuata tukaenda Koni kwenye ubatizo. Nilikuwa na mimba kubwa, nimekaa mbele. Nyuma alikaa Tantine Georgette, shangazi wa baba yako, mwalimu wa magari katika shule ya ufundi. Vumbi la malori lilikuwa jingi, tukafunga vioo vyote. Hatukufika mbali kichwa kikaanza kuniuma, kikafuata kichefuchefu, na mtoto aliyekuwa akinipiga mateke tangu asubuhi akatulia kabisa. Niliogopa, mwanangu, kuliko nilivyowahi kuogopa.

"Minye kichwa inaniuma sana," nikasema. "Na mutoto hachezi tena."

"Ni mimba tu, mama," baba yako akajibu. "Tutafika sasa hivi."

"Simamisha motoka," Tantine akasema. "Hata minye kichwa inaniuma, na minye siko na mimba."

Alitutoa nje, akafungua milango yote, akainama kutazama chini. Mshono wa bomba ulikuwa umeachia. Baba yako akamweleza habari ya vanne na jiwe, sauti ikizidi kupungua kadiri alivyoeleza.

"Ulitafuta kitu yenye haiko," Tantine akamwambia. "Hii moteri inajibakishia moshi kidogo yenyewe. Supapi, ile milango ya moshi, zinachelewa kufunga, moto hauzidi. Sumu yenye inabakia, ile sanduku njo ilikuwa inaisafisha. Weye umeiharibu, na bomba umeiacha na tundu. Sonde yenye inapima moshi inaona hewa ya inje, inafikiri petroli ni kidogo, inaomba ingine. Na moshi yote, bibi yako njo anaivuta."

Baba yako akapiga magoti vumbini kulitazama lile tundu, kisha akasimama barabarani kuomba msaada. Watu waliokuwa wakirudi Likasi wakatubeba kwenye gari lao hadi hospitali ya uzazi. Wakanivisha kinyago cha oksijeni, na mkunga akaweka kifaa chake tumboni, akasikiliza. Akakihamisha, akasikiliza tena. Baba yako alisimama mlangoni, magoti yake yamejaa vumbi, anaomba rozari bila kuishika.

"Moyo inapiga muzuri," mkunga akasema.

Baba yako akaketi sakafuni akalia. Mimi nikacheka, nikalia, nikacheka tena, na wewe ukanipiga teke moja ambalo hadi leo sijapata zawadi iliyolizidi. Maana mtoto yule ni wewe, mwanangu. Tulipata sanduku zima kutoka gari lililogongwa, akalifunga fundi mwingine, na Mwamba tangu hapo hachomelei bomba bila kulikagua mara mbili.

Kwa hiyo nakushauri hivi. Usikitoe kitu kwa sababu tu hujui kazi yake. Uliza kwanza, na uulize kinamlinda nani. Gari lako si gonjwa kwa kukosa vanne. Wenye kulitengeneza walilipatia njia nyingine za kuupunguza ubaya wa moshi wake, na sanduku hilo ni mojawapo. Likikosa nguvu, fundi aanze na plagi, chujio la hewa, na bomba linalovuja. Na ukimbeba mtu akalalamika kichwa, simama, fungua milango, maneno yafuate baadaye.

Mungu akubariki wewe na usukani wako. Kila utakayempakia ashuke mzima, na anayekungoja nyumbani asikungoje kwa hofu. Sasa maliza chai, ukamwambie fundi aweke msumeno chini. Baba yako atakusindikiza. Tangu asikie kwamba fundi anataka kukata, amekwisha vaa viatu.